Mtihani wa Kidato cha Sita na Mlango wa Chuo Kikuu



Siku moja, baada ya kipindi cha kisomo, mama mmoja alibaki darasani. Wenzake walikwisha ondoka. Alifungua upindo wa khanga yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa matokeo ya mtoto wake wa kiume aliyemaliza Kidato cha Sita.

"Mwalimu," alisema, "mimi sasa najua kusoma, nimeyasoma mwenyewe. Mwanangu kapata pointi kumi na nne. Binti wa jirani kapata nane tu. Lakini nasikia binti ndiye anayekwenda chuo kikuu, na wangu hapana. Je, hapa hakuna dhuluma?"

Tulimjibu kwamba dhuluma haipo, ila hesabu ndiyo iliyomchanganya. Na hakuchanganyikiwa peke yake. Wazazi wengi huuliza swali kama hilo. Wengine hawaulizi, wanaumia kimya kimya, au wanakwenda kumwuliza tapeli. Kwa hiyo leo tutaeleza jambo hili polepole. Mtihani wa taifa ni nini? Kwa nini ndio unaofungua mlango wa chuo kikuu? Pointi zinahesabiwaje? Na mtu akikosa, afanye nini?

MIZANI MOJA KWA WATU WOTE

Sisi wakulima wa pamba tunaijua mizani ya chama cha msingi. Kila mkulima analeta mzigo wake, na mizani ni ile ile. Kilo ya Mzee Fulani ni sawa na kilo ya mwenyekiti. Kama kila mtu angekuja na mizani yake kutoka nyumbani, pangekuwa na ugomvi kila siku.

Mtihani wa taifa ni mizani ya namna hiyo. Shule ni nyingi na walimu ni wengi. Mwalimu mmoja ni mkali, akitoa alama 60 huyo mwanafunzi ni hodari kweli. Mwalimu mwingine ni mpole, alama 60 anampa hata mvivu. Sasa chuo kikuu kitamjuaje nani ni nani? Ndipo maswali yale yale yanapotolewa kwa wote, siku moja na saa moja, kuanzia Kagera mpaka Mtwara.

Kazi hiyo hufanywa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Watu wengi wanalijua kwa jina la NECTA. Mtahiniwa haandiki jina lake katika karatasi ya majibu, anaandika namba. Walimu wanaosahihisha hukusanywa mahali pamoja, wakagawana maswali. Huyu anasahihisha swali la kwanza, yule la pili. Hivyo karatasi moja hupita katika mikono ya walimu kadhaa. Msahihishaji hamjui mtoto ni wa nani, wala katoka kijiji gani. Hilo ni jambo jema sana kwa mtoto wa maskini.

TULIKOTOKA

Zamani mizani yenyewe haikuwa yetu. Wakati wa ukoloni, na hata miaka ya mwanzo ya uhuru, vijana wetu wa sekondari walifanya mtihani wa Cambridge, wa huko Uingereza. Maswali yalitungwa huko, na majibu yalisafirishwa huko kusahihishwa.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 pale Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza hawakufika hata 20, na wote walisoma sheria. Fikiri, nchi nzima! Mlango ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano.

Baadaye Tanzania ilianza kujitoa katika mtihani wa Cambridge. Kwa muda tukawa pamoja na Kenya na Uganda katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1971 tukajitoa huko pia. Mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza letu wenyewe. Tangu hapo mizani ni yetu.

Lakini swali likabaki. Je, mtihani peke yake unatosha kumpima mtu? Mwalimu Nyerere aliliuliza swali hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alisema elimu yetu imeutukuza mtihani mno, na kwamba mtihani unapima uwezo wa kukumbuka mambo kuliko tabia ya mtu na utayari wake wa kuwatumikia wenzake.

Basi mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikatoa azimio. Iliamuliwa kwamba kijana akimaliza Kidato cha Sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja. Kisha afanye kazi angalau miaka miwili. Halafu atake maoni ya mkuu wake wa kazi, ya wafanyakazi wenzake na ya tawi la chama. Mlango ukafunguliwa pia kwa watu wazima waliokuwa makazini, ambao hawakupata bahati ya kufika Kidato cha Sita.

Shabaha ilikuwa nzuri. Wazee wetu walitaka msomi anayejua jembe na kiwanda, asiye na majivuno. Na watu wazima wengi walifaidika. Lakini yalionekana na matatizo. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka. Miaka ile mitatu ya kungoja, msichana alikuwa ameolewa au amepata mtoto, na masomo yakaishia hapo. Haikupita miaka mingi wasichana wakaruhusiwa tena kwenda moja kwa moja. Halafu ile barua ya sifa: nani anaiandika? Mkuu wa kazi akikupenda, anakusifu. Akikuchukia, je? Katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa, na matokeo ya mtihani yakarudi kuwa mlango mkubwa.

Wachina nao waliyapitia mambo kama hayo. Mwaka 1966 walisimamisha mtihani wa kuingia chuo kikuu. Baadaye wakawa wanachagua wakulima, wafanyakazi na askari kwa kupendekezwa na wenzao. Mwaka 1977 mtihani ulirudishwa. Watu zaidi ya milioni 5 walijitokeza kuufanya, na waliopata nafasi hawakufika laki 3. Wengi walikuwa watu wazima waliosubiri miaka kumi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtihani una kasoro zake, lakini barua ya sifa nayo ina kasoro zake. Tusiseme ovyo kwamba mtihani ni mbaya, au kwamba mtihani ni kila kitu.

SASA TUHESABU

Hebu chukueni kalamu na karatasi. Hapa ndipo yule mama alipopotea njia.

Katika Kidato cha Sita mwanafunzi anapimwa hasa kwa masomo matatu aliyoyachagua. Kila somo lina alama kati ya 0 na 100. Alama hizo hugeuzwa kuwa herufi, hivi:

A ni alama 80 mpaka 100.
B ni 70 mpaka 79.
C ni 60 mpaka 69.
D ni 50 mpaka 59.
E ni 40 mpaka 49.
S ni 35 mpaka 39.
F ni chini ya 35. Huko ni kuanguka.

Kuanzia A mpaka E ni kufaulu kamili. S ni kufaulu nusu nusu.

Sasa, herufi hizi zinahesabiwa mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Angalieni vizuri.

Hesabu ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani. Ni ya kupata daraja. Hapa A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Kwa hiyo mwenye pointi CHACHE ndiye bora, kama mashindano ya mbio, wa kwanza ndiye mshindi. Pointi 3 mpaka 9 ni Daraja la Kwanza. 10 mpaka 12 ni la Pili. 13 mpaka 17 ni la Tatu. 18 na 19 ni la Nne.

Hesabu ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, inayoitwa TCU. Hii ni ya kuingia chuoni, na inakwenda kinyume. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Hapa mwenye pointi NYINGI ndiye bora, kama gunia la mahindi, zito ndilo lenye thamani.

Kwa mtu aliyemaliza Kidato cha Sita mwaka 2016 au baadaye, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni kufaulu kamili masomo mawili, na pointi za masomo hayo mawili zifike 4. Masomo yenyewe yawe yale yanayotakiwa na kozi anayoiomba.

Turudi kwa mama yetu. Mtoto wake alipata Kiswahili D, Historia E, Jiografia E.

Hesabu ya daraja: 4 + 5 + 5 = 14. Hilo ni Daraja la Tatu.
Hesabu ya chuo, masomo mawili bora: 2 + 1 = 3. Imepungua pointi moja.

Binti wa jirani alipata Kiswahili B, Historia C, Jiografia C.

Hesabu ya daraja: 2 + 3 + 3 = 8. Daraja la Kwanza.
Hesabu ya chuo: 4 + 3 = 7. Amepita.

Mama alipoona hesabu hiyo ubaoni alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe nane ni kubwa kuliko kumi na nne!" Katika hesabu ya daraja, mama, ni kweli.

Tena angalieni jambo moja. Mtoto yule angepata C moja badala ya D, angekuwa na 3 + 1 = 4, naye angepita. Kati ya alama 59 na alama 60 ipo alama moja tu, lakini moja ni D na nyingine ni C. Ndiyo maana hatupendi kusikia mzazi akisema "siku moja ya shule si kitu". Siku moja inaweza kuwa ndiyo alama hiyo moja.

Na kufika 4 si kuahidiwa nafasi. Hicho ni kiwango cha chini cha nchi nzima. Chuo chenye waombaji wengi kinachukua wenye pointi nyingi kwanza. Kozi nyingine zinadai zaidi. Anayetaka kuwa daktari wa binadamu lazima afaulu masomo matatu, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia.

MIZANI HAIULIZI MVUA

Tumesema mtihani ni mizani. Lakini mizani ya pamba haiulizi kama shambani kwako mvua ilinyesha. Inapima mzigo, basi.

Mtihani nao hauulizi. Hauulizi kama shule ilikuwa na mwalimu wa Hisabati mwaka mzima. Hauulizi kama maabara ilikuwa na vifaa, au mtoto aliviona vitabuni tu. Hauulizi kama binti alichota maji na kupika kabla ya kushika daftari. Tena masomo mengi ya sekondari yanatahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kijijini anakisikia Kiingereza darasani tu, wa mjini pengine anakisikia hata nyumbani. Wote wanapewa karatasi moja.

Ni kweli, kazi za darasani nazo huingia katika alama, siyo mtihani wa mwisho peke yake. Lakini sehemu kubwa inabaki kwenye mtihani.

Je, tuivunje mizani? Sisi tunaona hapana. Mkulima hapati pamba nyingi kwa kuvunja mizani. Anaipata kwa kutunza shamba. Shamba lenyewe liko mikononi mwetu. Kamati ya shule inaweza kuuliza kwa nini mwalimu wa Fizikia hayupo, na kuandika barua kwa wakubwa. Baba anaweza kusema, "Leo kaka mtu atachota maji, dada asome." Taa ikiwepo nyumbani, iwe ya mtoto mwenye kitabu kabla ya kuwa ya mazungumzo.

AKIKOSA, AFANYE NINI?

Mama aliuliza, "Sasa mwanangu ndiyo basi?" Sivyo. Mlango mkubwa ukifungwa, ipo milango ya pembeni, nayo ni halali kabisa.

Njia ya kwanza ni kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Halazimiki kurudi kukaa shuleni na sare.

Njia ya pili ni stashahada, ambayo wengi wanaiita diploma. Kijana anasoma chuo cha kati, anapata ujuzi wa kazi. Akimaliza na wastani wa 3.0 au zaidi katika ile hesabu ya 5, na kama Kidato cha Nne alifaulu masomo manne, anaweza kuomba shahada katika fani yake. Huyu akifika chuo kikuu huwa tayari anajua kazi.

Njia ya tatu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Wanafunzi wake husoma huku wakifanya kazi zao. Kina masomo ya maandalizi kwa waliopungukiwa kidogo. Vilevile upo utaratibu wa kuwapima watu wazima kwa ujuzi walioupata kazini.

Na ninyi wanakisomo wenyewe, msijitoe. Mtu mzima ambaye hakusoma sekondari anaweza kujiandaa akafanya Mtihani wa Maarifa, unaoitwa QT. Akifaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Njia ni ndefu, hatuwadanganyi. Lakini ipo.

JIHADHARINI NA HAYA

Kwanza, matapeli. Tunamjua mzee mmoja aliyeuza ng'ombe wawili akampa mtu aliyesema ati ana ndugu "ndani" wa kubadilisha matokeo. Ng'ombe wamekwenda, mtu kapotea, matokeo ni yale yale. Matokeo hayauzwi. Kama mtahiniwa anadhani alisahihishwa vibaya, ziko taratibu za kukata rufaa. Kuna ada yake na muda wake. Apitie kwa mkuu wa shule.

Pili, kuibia mtihani. Anayekamatwa hufutiwa matokeo yote, si somo moja.

Tatu, kuchelewa. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Muda wa kuomba huwekwa, nao ukipita umepita. Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, lazima athibitishe kimoja. Wako vijana waliofaulu vizuri wakapoteza nafasi kwa sababu hawakuthibitisha.

Nne, fedha. Kuchaguliwa chuo ni jambo moja, mkopo ni jambo jingine. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, kwa maombi ya peke yake, na cheti cha kuzaliwa kinatakiwa. Jina katika cheti cha kuzaliwa na jina la shule yalingane. Mzazi mwenye mtoto mdogo aanze leo kulishughulikia hilo, asingoje Kidato cha Sita.

Tano, kuchagua masomo. Mlango wa chuo kikuu unaanza kufunguka Kidato cha Nne. Ili aende Kidato cha Tano mtoto anatakiwa apate angalau C tatu. Hapo anachagua masomo matatu, na masomo hayo ndiyo yatakayoamua kozi za baadaye. Mzazi asimlazimishe mtoto kuchukua sayansi kwa kuwa jirani kafanya hivyo. Akae na mtoto, awaulize walimu wake anaweza nini.

MWISHO

Yule mama alikunja karatasi yake. Safari hii aliikunja taratibu. Juma lililofuata alikuja na kijana mwenyewe. Tulikaa tukahesabu tena, watatu. Kijana alikuwa amekata tamaa, alikuwa akilala mpaka jua la utosi. Alipoona kwamba amepungukiwa pointi moja tu, aliinua kichwa. Sasa anasoma stashahada ya maendeleo ya jamii. Mama bado anakuja kisomo. Juzi aliwafundisha wenzake hesabu ile ya daraja na ile ya chuo, akaandika mwenyewe ubaoni bila kukosea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijana amepata Fizikia C, Kemia D, Baiolojia D. Ana pointi ngapi za daraja? Masomo yake mawili bora yana pointi ngapi za chuo?
2. Utaratibu wa Musoma wa mwaka 1974 ulikuwa na faida gani na hasara gani?
3. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanayompunguzia mtoto alama kabla hajaingia chumba cha mtihani? Kikundi chenu kinaweza kuondoa lipi mwaka huu?

MANENO MAGUMU

Mtahiniwa: mtu anayefanya mtihani.
Shahada: cheti cha kumaliza chuo kikuu, digrii.
Stashahada: cheti kilicho chini ya shahada, diploma.
Kukata rufaa: kuomba jambo lililokwisha amuliwa liangaliwe tena.